Mstari Mmoja

Manyoni,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima.

Dada yangu Agripina,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Kabla sijaandika lolote nataka kujua mguu wako unaendeleaje, ule ulioukata kwa jembe wakati wa palizi. Bado unaukanda kwa maji ya chumvi, au umeupeleka zahanati kama nilivyokusihi? Na shemeji, kifua chake kimetulia? Huyo mjukuu mpya nasikia analia mpaka ng'ombe wanageuka kumtazama, basi huyo ni wa ukoo wetu kabisa, wala msihangaike kutafuta amefanana na nani. Mimi huku nakula, nalala, nasali. Mvua ilitupa moyo mwezi wa kwanza kisha ikatuacha tunatazama juu, na mtama umesimama kwa huruma ya Mungu tu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Dada, simu yako wewe ni kama kisima cha kijiji. Nikipiga anapokea mkweo, anaweka sauti kubwa ili naye asikie, shemeji anadakia kutoka uani, na jirani aliyekuja kuomba chumvi ananisalimia. Ujumbe nao wanakusomea watoto. Ninayotaka kukueleza hayafai sauti kubwa. Ndiyo maana barua hii nimempa Lazaro, aliyekuja huku kumzika mjomba wake, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako. Usome peke yako. Macho yakikusumbua toka nje penye mwanga, lakini usimwite mtu akusomee.

Ile kazi niliyokudokeza mwaka juzi ninaifanya bado. Maisha yangu ya Itigi unayajua. Mume wangu Sixbert alipokufa na ndugu zake wakagawana mashamba mpaka na kuku, niliuza pombe ya wanzuki, na wanzuki peke yake haikumlisha mwanangu Urbano, nikaanza kupokea wanaume. Ulikuja na gunia la uwele, ukakaa kwangu, ukaona wanaoingia na wanaotoka, na siku ya kuondoka ulisema tu kwamba mlango wangu unahitaji komeo la maana. Sijalisahau neno lile. Kwa hiyo katika hilo sina la kukuficha, na ni kwa ajili ya maisha hayohayo watu wa afya walinichagua. Walisema hawataki mtu wa kuja na viatu vya kung'aa kuwahubiria wanawake wa vilabuni, wanataka mwenzao aliyepita walikopita. Kazi yenyewe wanaiita kuelimisha rika. Kwa umri huu rika langu ni mama zao, lakini wamenikubali. Wananiita Mama Urbano, na wakitaka kunichokoza wananiita Sista, kwa sababu ya rozari yangu.

Huwa nakwenda asubuhi, wakati pombe inachujwa na wateja hawajafika. Siendi na hotuba, naenda na kitana. Nakaa kwenye kigoda, namsuka atakayetaka. Nimejifunza kwamba mwanamke akikaa chini katikati ya magoti yako, amekupa kisogo, atakwambia mambo ambayo uso kwa uso hawezi. Tena akishasukwa upande mmoja hawezi kukimbia, atakwenda wapi na kichwa nusu? Hapo ndipo naingiza habari zangu. Nauliza mara ya mwisho amepima lini, kama mipira anayo, kama kuna mteja anayemlazimisha. Wengine wananijibu. Wengine wananiambia Sista vuta polepole, umekuja kusuka au kuhoji?

Kilabu ninachokwenda zaidi ni cha Rahel, nyuma ya maegesho ya malori. Rahel ni mama wa Kigogo, mnene, mdomo wake mkali na moyo wake kama ugali wa moto, ukiugusa unabonyea. Pale ndipo nilipomkuta Mboni.

Jina lake nimelitaja kwa ruhusa yake. Katika kazi hii siri ya mtu ni kama siri ya kitubio, nami nilimwomba kwanza. Aliniambia nikuandikie yote, huenda ukamwombea hata kama yeye ni wa msikitini na wewe wa kanisani. Kwao ni Mandewa, Singida mjini, watu wa duka, watu wenye heshima zao. Alikuja Manyoni kumfuata fundi wa reli aliyemwahidi ndoa. Reli ikasogea mbele na fundi akasogea nayo. Ana ulimi huyo mtoto! Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kuwapima au kuwaombolezea. Lakini nilipomsuka mara ya tatu nikaona anavyokaa, mguu mmoja mbele na mkono kiunoni, nikajua kwamba chini ya lile dera kuna mimba, tena si changa. Nilimuuliza polepole. Akasema ni uvimbe wa wanzuki. Nikamwambia uvimbe wa wanzuki haupigi teke, maana nilikuwa nimeliona teke lenyewe. Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia nisimwambie Rahel, ambaye alikuwa anajua kuliko sisi wote.

Basi dada, tangu siku ile moyo wangu ukakaa kwa huyu binti. Mwanamke mwenye virusi akijua mapema na kuanza dawa, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Asipojua, au akijua na kukaa kimya, mtoto anaingia hatarini tumboni, wakati wa kujifungua na katika kunyonya. Kumbe Mboni hajawahi kukanyaga kliniki, na miezi inakwenda.

Siku hizi kuna kipimo cha kujipima mwenyewe, hakitaki damu. Ni kijiti, unakipitisha kwenye fizi za juu na za chini, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji yake, unasubiri. Ukiona mstari mmoja, kipimo hakikuona kitu. Ukiona miwili, unakwenda hospitali wakakuhakikishe kwa damu, maana kipimo kile peke yake si hukumu. Nilivipeleka kwa Rahel nikidhani watavigombania. Wakaviangalia kama nyoka aliyekufa, huwezi kujua kama kweli amekufa. Rahel alikuwa amesikia kwamba kile kichupa kinapeleka jina la mtu kwa mtendaji wa kata. Mwingine akasema ukipima na mate ya asubuhi unajiletea mkosi. Mboni ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema Sista ajipime yeye kwanza hapahapa, wote wanaona, kama kweli hakiumi na hakisemi.

Nilikubali upesi kuliko walivyotarajia. Kwa nini nilikubali upesi, nitakwambia mbele. Nilinawa mikono, nikapitisha kijiti kwenye fizi, nikakitumbukiza, nikaweka juu ya pipa la pombe lililofunikwa. Tukasubiri, na wao wananitania kwamba nikikutwa nao watanichangia jeneza la mninga, si la mti wa hovyo. Muda ulipotimia Rahel akainama akatazama. Mstari mmoja.

Dada, walipiga vigelegele. Rahel alinikumbatia akasema kumbe sala zinalipa, kuanzia leo na yeye atakwenda misa ya kwanza. Wanawake wakaanza kuchukua vipimo mmoja mmoja, wanakwenda navyo vyumbani. Mimi nilibaki nimesimama na kile kijiti mkononi. Waliona ni furaha. Mboni naye alichukua cha kwake, akakaa ndani, akatoka akisema ni mmoja, akapita mbele yangu bila kuniangalia usoni. Niliona macho yake na nikajua kuna jambo, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya jambo la mtu mwingine. Nilikuwa na la kwangu.

Baada ya hapo nikaanza kumsihi aende kliniki. Kipimo cha mate kisimtoshe, nikamwambia, mimba inataka kadi, inataka damu ipimwe na mengine mengi. Akaleta kikwazo kipya: kliniki watamtaka aje na mume. Alikuwa amesikia kwa mwenzake kwamba asiye na mume anarudishwa. Nikamwambia nitaulizia. Rahel hakutaka kusubiri kuulizia, akasema mume si tatizo, mume tunamtafuta. Akamwita Gasto.

Gasto ni kijana wa bodaboda anayewaletea sukari na hamira. Wakamvalisha shati la mtu mwingine, wakamfundisha jina kamili la Mboni na siku waliyooana, wakamwonya asitafune mirungi. Nilipinga, dada, nilisema huu ni uongo mbele ya Mungu na mbele ya manesi, lakini moyoni nikaona heri aingie mlangoni kwa uongo kuliko asiingie kabisa. Tukaenda. Gasto pale kwenye benchi akajisahau, akawa mume kuliko waume wote. Akawaambia wanawake waliokaa kwamba huyu ni wa kwanza lakini yeye anataka watano. Akamwekea Mboni koti lake begani wakati jua linawaka. Tulipoitwa ndani, nesi Dina, mama mmoja mtulivu sana, akamkaribisha, akamsifu kwa kuwa wanaume wanaokuja ni wachache, akamwomba akunje mkono wa shati, maana hapa baba na mama wanapimwa pamoja.

Gasto akatazama mkono wake kama vile ndiyo kwanza anauona. Akasema ameacha ufunguo kwenye pikipiki, anakwenda mara moja. Tukasikia pikipiki inawashwa, tukasikia inakata kona ya sokoni, na hatukumwona tena siku ile. Mpaka leo kilabuni anaitwa Baba Kijacho. Nesi Dina alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na Mboni alicheka kuliko sisi. Alicheka huku anainuka, akatoka mlangoni huku bado anacheka, na kabla sijajua alikuwa ameshafika barabarani. Nesi akafuta machozi ya kicheko akaniambia nimrudishe, na mume au bila mume, hakuna atakayemfukuza. Nikamwahidi. Lakini kwa muda mrefu kila nikimgusia Mboni anasema sawa, kesho. Na kesho yake anakwenda kuteka maji.

Siku moja nilipomkazania alinigeukia kwa hasira. Alisema ni rahisi kwangu, mwenye mstari wangu mmoja na rozari yangu, kuwaambia wengine wapime. Alisema mtu aliyeshiba haoni aibu kumfundisha mwenye njaa kufunga. Nilirudi nyumbani sikula.

Sasa dada, hapa ndipo nilipokuwa napaogopa. Kaa vizuri.

Mimi nina virusi vya UKIMWI. Nimeishi navyo tangu mwaka ule niliokuja kwako nimekonda mpaka mifupa ya bega inahesabika, ukadhani ni vidonda vya tumbo, ukanipikia uji wa ulezi na kunichinjia yule jogoo mwekundu. Niliporudi kutoka kwako Urbano alinipeleka kupima, na nikaanza dawa. Ndiyo, Urbano anajua, na najua hilo litakuuma, kwamba mtoto alijua na wewe hukujua. Usimlaumu, nilimfunga mdomo. Dawa nachukulia Dodoma, si hapa, ili nisionekane kwenye foleni. Ukiniuliza ni kwa Sixbert nilivipata au ni kwa maisha yale ya Itigi, sijui, na nimeacha kuuliza.

Ndiyo sababu nilikubali upesi siku ile kwa Rahel. Nilikuwa nimechoka kuwaambia wenzangu wasiogope huku mimi mwenyewe najificha. Nikasema moyoni, leo waone mistari miwili ya Mama Urbano anayebeba gunia la unga kichwani, wajue mtu haendi kaburini kwa mistari miwili. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Halafu ukatoka mmoja.

Dada, wewe unajua imani yangu. Mimi nimesali kwa ajili ya jambo hili miaka yote, nimefanya novena, nimekwenda hija kwa miguu. Nilipoona mstari mmoja niliona ni jibu. Nilisema Mungu ameniponya, na amefanya mbele ya mashahidi. Jumapili ile nilitoa sadaka ya shukrani, mchele, mafuta ya alizeti na kuku, na padri alipouliza ni shukrani ya nini nikasema ni ya afya. Kopo la dawa nikalifunga kwenye kitenge nikaliweka juu ya kabati. Nikasema kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu kwamba simwamini. Nikaacha.

Siku ya Gasto, Mboni alipotoweka, mimi nilibaki mle ndani na nesi Dina. Sijui ni nini kilichonisukuma, nadhani ni kile kicheko, maana ukicheka na mtu unamzoea. Nilimuuliza kama swali la mtu mwingine: hivi anayetumia dawa akijipima kwa mate akaona mstari mmoja, amepona? Nesi hakucheka. Alifunga mlango. Alisema kile kipimo hakimtafuti mdudu, kinatafuta alama ambazo mwili unaweka ukipambana naye, na mtu aliyetumia dawa vizuri miaka mingi alama hizo zinaweza kufifia mate yasizionyeshe. Alisema ndiyo maana anayetumia dawa haruhusiwi kujipima kwa kile. Nikakumbuka kwamba asubuhi waliyotufundisha jambo hilo kwenye mafunzo mimi nilikuwa msibani, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakuna aliyejua. Kisha akaniuliza huyo mtu mwingine bado anameza dawa zake? Nikaanza kukunja ncha ya kitenge changu, na hapo akajua.

Hakunigombeza. Alinipima damu, mistari ikaja miwili, mizito, kama imechorwa kwa makaa. Jioni ile nikashusha kopo. Baadaye Dodoma walipima wingi wa virusi wakasema Mungu mkubwa, havijaamka, virusi viko chini mpaka mashine haivioni. Nilimwomba Mungu msamaha kwa kumshukuru kwa jambo ambalo hakulifanya. Halafu njiani kurudi, kwenye basi, nikajiuliza kama kweli hakulifanya. Yule mama wa mifupa inayohesabika na huyu anayebeba gunia ni mtu mmoja. Nikaona ile sadaka haikupotea.

Lakini kule kwa Rahel bado nilikuwa mwenye mstari mmoja, na nikwambie ukweli, palikuwa patamu. Walikuwa wananiheshimu. Rahel alikuwa amekwenda kanisani kweli. Ningeweza kunyamaza mpaka nife. Isipokuwa tumbo la Mboni lilikuwa limeshuka, na yale maneno yake ya mwenye njaa na aliyeshiba yalikuwa hayanitoki.

Nikaenda asubuhi, nikamkuta anaanika mtama. Nikampa kitana, nikamwambia leo nisuke wewe. Akasema nywele zangu ni kama nyasi za kiangazi, ng'ombe akiziona atalia, lakini akakaa kwenye kigoda na mimi nikakaa chini, nikampa kisogo. Tumbo lake lilikuwa linanigusa mgongoni, na mtoto alikuwa anacheza. Akanisuka mpaka katikati. Hapo nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyokwambia wewe, dawa, Dodoma, mstari, sadaka, yote.

Mikono yake ikasimama. Nilidhani atainuka. Kisha akavuta lile fundo la nywele kwa nguvu mpaka macho yakanitoka maji, akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba mimi nilimuua siku ile. Alisema alipokwenda chumbani na kipimo chake aliona mistari miwili. Alikitupa kwenye moto wa pombe, akatoka akasema mmoja. Alikuwa ameomba Mungu, kabla hajatoka, awepo hata mwingine mmoja pale uani mwenye miwili, mmoja tu, ili aweze kusema. Na wote walikuwa na mmoja, hata Mama Urbano. Basi akajua ni yeye peke yake, na mtu peke yake afanye nini? Kuhusu kliniki, alisema asingeweza kukaa kwenye kile kiti nesi amthibitishie, na Gasto alipokimbia alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanaume mjinga.

Nilitaka kugeuka nimkumbatie. Akanisukuma kichwa mbele, akasema nitulie, hajamaliza. Akaendelea kusuka, analia na kusuka, machozi yananidondokea shingoni, mpaka akamaliza kichwa chote. Nywele zilikaa kombo dada, jumuiya nzima waliniuliza nani kanifanyia hivi. Sikuzifumua mpaka zilipochoka zenyewe.

Kesho yake hakwenda kuteka maji. Tulikwenda kliniki sisi wawili. Nesi Dina alipouliza mimi ni nani, Mboni akasema huyu ndiye mume niliyempata. Walimpima damu, wakamthibitishia, wakampa dawa siku ileile, na mimi nilikaa kiti cha mume mpaka mwisho. Alijifungua kabla ya Krismasi, mtoto wa kike, akamwita Saada kwa jina la mama yake, na kwa jina hilo mama yake alilainika, amekuja kutoka Mandewa mara mbili. Mtoto amepewa dawa ya maji tangu alipozaliwa. Alipofikisha wiki sita wakamtoboa kisigino, damu ikapelekwa kupimwa. Tulisubiri, dada. Sijawahi kusubiri kitu namna ile tangu uchungu wa Urbano. Majibu yalikuja Jumatano moja mwezi uliopita. Hana. Bado atapimwa tena na tena mpaka aache kunyonya na baada yake, nesi ametuonya tusilegee, lakini kwa Jumatano ile hana. Rahel alifunga kilabu mchana mzima, na mtu wa malori aliyekuja kugonga alitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika wakati wa Kwaresima.

Siku hiyohiyo, wote wakiwa pale, niliwaambia habari zangu. Rahel alijifunga kanga upya kiunoni. Kisha akasema kumbe Sista ulitupiga chenga, na yeye alikuwa ameshazoea kuamka misa ya kwanza, sasa afanyeje? Nikamwambia aendelee tu kuamka. Baadaye kuna wanawake walinifuata kwa wakati wao, nami nikawapeleka kwa nesi, hao siwataji. Na si wote waliopokea vizuri. Wapo wasionunua tena maandazi yangu. Kwenye jumuiya kuna mama alisogeza kikombe chake nilipokaa, kidogo tu, kama mtu anayepisha inzi. Nilikiona.

Habari zina miguu, dada, na wachuuzi wa alizeti wanafika huko kwenu Kinyangiri kila wiki. Sikutaka uambiwe na mchuuzi. Umeniomba nije Pasaka kwenye ubatizo wa mjukuu na nibaki mpaka mavuno. Nataka kuja. Lakini mkweo ana kichanga, na ni haki yake kujua nani anakuja kukipakata. Mweleze wewe, kwa maneno yako. Mwambie ugonjwa huu haupiti kwenye sahani, wala kwenye shuka, wala kwenye kumbusu mtoto. Akikataa sitamnunia, nitalala kwa katekista na ubatizo nitausikilizia mlangoni pa kanisa. Wewe je, utanikataa? Hilo ndilo linalonifanya nifute na kuandika tena.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kifua ile ya mdalasini nitamletea. Wasalimie watoto wote kwa majina yao, usimsahau hata mmoja. Mboni anakusalimia, na Saada anakusalimia kwa kupiga chafya, amepiga sasa hivi hapa pembeni yangu.

Neno la mwisho. Kila nilipokuja kwako, jioni tukimaliza kula, nilikuwa natoka nje peke yangu, na mlikuwa mnanicheka kwamba nina kibofu cha mtoto. Nilikuwa nakwenda nyuma ya zizi kumeza dawa, naimeza kavu, bila maji, nisije nikaonekana na kikombe. Safari hii nikija, dada, nataka niimeze nikiwa nimekaa mkekani na ninyi. Ukiniona nimefungua mkoba usiseme neno, wala usinipe pole. Nipe maji.

Ni mimi mdogo wako,
Febronia.